Siku moja maishani mwangu: namwagilia mchanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kaskazi inakaribia kukata, na jua la Machi hapa Malindi halina mzaha, kwa hiyo namwagilia gizagiza kwa ndoo na kopo. Maji ya kisima changu yana chumvichumvi. Mipapai hainisamehei, lakini mikoma, jamaa ya mnazi ninayoiotesha hapa kitaluni, haijali. Hata porini humea panapo maji ya namna hiyo karibu na uso wa ardhi.

Saa moja na nusu. Mahamri kwa mbaazi, kisha kazi ya kokwa. Watoto wa mtaani wananisaidia bila kujua: wanaguguna ganda la koma, tunda la mkoma, lile la nyuzinyuzi lenye utamu wa sukari guru, wanatupa kokwa, mimi naokota. Porini kazi hiyo hufanywa na nyani na ndovu. Naloweka kokwa kwenye pipa na kubadilisha maji kila siku. Ni gumu kama jiwe. Usijaribu kulipasua kwa panga kama bado unavipenda vidole vyako.

Saa tatu. Leo nafungua bomba moja nililopandia kokwa, kuchungulia. Nilianza kazi hii kwa vifuko vifupi vya miche ya mipapai, na vikaniliza. Kokwa la mkoma likishaamka halitoi jani. Linatoa mkonga mweupe, mnene kama kidole cha mtoto, unaozama moja kwa moja ardhini, na mche wenyewe umebebwa kwenye ncha yake. Ukishafika chini ndipo mizizi inapotoka na jani kuanza safari ya kurudi juu. Miezi inapita, juu mchanga mtupu. Sasa vile vifuko vyangu: mikonga ilitoboa vitako, ikaingia ardhini, na mimi, katika ujuzi wangu wote, nikainua kifuko kukihamisha. Tk! Kama muhogo mbichi unaovunjwa. Sikuelewa, nikainua cha pili, na cha tatu. Asubuhi moja niliua miche thelathini.

Siku hizi natumia mabomba ya plastiki ya futi mbili, yaliyopasuliwa kwa urefu na kufungwa kwa waya. Nalegeza waya, nafungua kama kitabu. Hili nililipanda Agosti. Vidole vitatu chini ya mchanga naliona jani, manjano, limekunjwa kama mwavuli. Nalifunga upesi kabla halijapigwa na upepo.

Saa tano. Mteja mwenye nyumba ya wageni anataka mikoma mirefu, yenye panda kama ile ya njia ya Gongoni, iwe imesimama kabla ya Disemba.

"Bosi, hiyo panda huenda akaiona mjukuu wako."

Jamaa zake wengi, kama mnazi na mchikichi, husimama na shina moja tu. Mkoma hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, lakini kwa wakati wake. Akauliza kama haiwezekani kuchimbua iliyokomaa. Nilishaitwa kuitazama minne iliyoletwa kwa lori. Makuti yalikauka kuanzia nje, na nilipouvuta moyo, lile kuti changa la katikati, ukatoka mkononi bila ubishi. Sichimbui. Basi akaomba niwe nampa midume mitupu, makoma yasiangukie magari. Mkoma dume na jike ni miti mbalimbali, ila mpaka utoe maua hakuna ajuaye. Mwishowe alichukua miche sita, na minazi mifupi ya kumpa kivuli akiwa bado hai.

Saa saba. Wali, samaki, usingizi chini ya mwembe.

Saa tisa. Shangazi amekuja kukata miyaa. Anasuka ukili wa majamvi na vikapu, na anachotaka ni kuti changa ambalo halijafunguka. Mkoma wangu mkubwa una miaka tisa; umenifika kifuani, shina bado halionekani. Ukikata kila kuti changa linalochomoza, mti unabaki palepale, kwa hiyo tuna mapatano: moja anakata, linalofuata analiacha.

"Shangazi, hilo liache."

"Wewe wapanda miti au wafuga?"

Akaliacha, huku akinitazama kama nimemnyima chai.

Saa kumi na nusu. Nachimba mashimo kwa mtaimbo, masika yakianza miche iwe tayari kushuka. Juu mchanga, chini jiwe la matumbawe, na mtaimbo unarudisha mtetemo mpaka mabegani. Mashimo matatu tu, mgongo ukakataa.

Saa kumi na mbili. Duru ya mwisho ya maji. Safu nne za mabomba, karibu yote hayaonyeshi kitu. Jirani anapita na baiskeli yake, kama kila jioni.

"Bado wamwagilia mchanga?"

"Bado, mzee."