Ini yangu imenichongea mara mbili

Chapati zilikuwa sita. Mama Junior alinisimamia saa kumi na mbili na robo asubuhi, ata salamu hajanipa, hotpoti mkononi na kifuniko amekifungua, akaniambia "Baba Junior, jana usiku nimeacha chapati sita hapa, niambie tu ukweli." Na mimi niko kwa kiti na mashine ya kupima sukari, kidole bado kinatoa damu, mashine inasema 11.2. Nikienda kulala ilikuwa 8.4. Katikati hapo sijakula kitu, nimeamka mara mbili kukojoa nikanywa maji nikarudi, sasa hiyo sukari imetoka wapi kama si kwa hotpoti? Akazihesabu. Sita. Akazihesabu tena kama mtu wa benki, bado sita, akaniangalia akasema basi ni zile ndizi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu, mwaka wa ishirini na mbili sasa kwa cherehani moja. Nakaa kuanzia saa mbili mpaka giza iingie, na mguu kukanyaga ile pedali ndio mazoezi yote nilikuwa najihesabia. Saa nne chai na mandazi mbili, mchana ugali, saa tisa jua ikikubana hapo chini ya mabati unaagiza soda baridi, na mteja akipenda suti yake anakununulia ingine, utakataa? Kisukari niliambiwa 2021, nikapewa vidonge, nikawa nameza nikikumbuka.

Sasa hiyo mambo ya sukari ya asubuhi ilinisumbua miezi mzima. Nilijaribu kulala bila kula kabisa, nikaamka na 11.8. Yaani nimelala njaa na imepanda! Nikaona mashine ni mbovu, nikanunua stripu mpya, na nyinyi mnajua stripu ni pesa, ikarudi palepale.

Kwa kliniki nilipata daktari kijana, mtu ana subira, nikamwambia kesi ya chapati yote akacheka mpaka akatoa miwani. Alafu akaniuliza, kwenu mlikuwa na dero? Nikamwambia ndio, kwa dani, nyanya yangu, huko Siaya, dero ya matope na nyasi juu, ukishavuna mahindi inaingia huko na ukiwa na njaa unaenda kutoa. Akaniambia ini ndio dero ya mwili. Ukikula, sukari ingine inawekwa huko, kama gramu mia moja hivi kwa mtu mzima, na ukilala ini inaitoa polepole ndio ubongo usikose. Ikiisha, ini haikati tamaa, inatengeneza sukari ingine mpya kutoka kwa vitu haviko ata sukari, kama protini. Na mwenye kuiambia "sasa imetosha, funga mlango" ni insulini. Mtu mwenye kisukari kama yangu, ya aina ya pili, insulini inaongea na ini haisikii. Mlango uko wazi usiku kucha. Alafu karibu alfajiri homoni za kukuamsha zinapanda, na hizo pia zinaisukuma ini itoe zaidi. Kwa hivyo sikukula chapati, nilikula kutoka ndani.

Nilienda nyumbani na hiyo maneno kama mtu ameshinda kesi kotini. Ata nikasoma kwa simu nikapata kuna Mfaransa anaitwa Claude Bernard, mwaka wa 1848 alishaona hii kitu kwa wanyama, alikuwa anawalisha nyama tupu na bado anapata sukari kwa damu inayotoka kwa ini. Nikamwambia mama Junior, hii imejulikana tangu 1848! Akaniuliza huyo Mfaransa naye bibi yake alikuwa anapika chapati?

Hiyo ndio mara ya kwanza ini kunichongea. Ya pili ilikuwa mbaya.

Daktari alitaka kujua kwa nini ini haisikii, akaagiza damu na altrasaundi. Kwa damu kuna kipimo kinaitwa ALT, hiyo ikipanda inaonyesha seli za ini zinaumia, yangu ilikuwa 68 na alisema ingekuwa chini ya 40. Altrasaundi ikasema mafuta kwenye ini. Karatasi nikaiweka kwa Biblia, kosa kubwa, kwa sababu Jumamosi iliteleza ikaanguka mbele ya watu na ndugu mmoja akaniokotea na macho yake yakasoma. Kanisa letu halitaki pombe ata harufu. Jumanne jioni mzee wa kanisa huyo mlangoni, ameketi, ameombea nyumba, alafu kwa sauti ya chini "Ndugu, ini ni kitu ya kuogopa, kuna jambo ungependa kutuambia?" Na anaangalia chupa yangu ya chai. Mimi sijawahi kuonja ata busaa ya matanga! Lakini mkianza kujitetea kwa hayo mambo mnaonekana wakosaji zaidi, so nikanyamaza tu nikamuongezea chai.

Ukweli ni hivi. Pombe inaharibu ini, hiyo haina ubishi, lakini kuna mafuta ya ini hayahitaji pombe ata tone. Insulini ikiwa nyingi kwa damu na mwili hausikii, na chakula kimezidi, ini inabadilisha ile ziada kuwa mafuta na inayaweka hapohapo. Mafuta yakijaa, ini inazidi kuwa kiziwi kwa insulini, sukari inapanda, insulini inapanda, mafuta yanaongezeka. Inazunguka hivyo. Zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili wako na haya mafuta na wengi hawajui, kwa sababu haiumi. Mimi sikuwa nasikia kitu. Madaktari wenyewe mwaka wa 2023 walibadilisha jina la huu ugonjwa, la zamani lilikuwa na neno pombe ndani yake ata kama ni kusema "si ya pombe", jina jipya linasema ni shida ya vile mwili unatumia chakula. Ningekuwa na hilo jina jipya kwa karatasi pengine mzee angekunywa chai akaenda.

Na soda, hiyo iliniuma. Sukari ya soda nusu yake inaitwa fruktosi na kazi yake kubwa inafanyiwa kwa ini, ikizidi inageuka mafuta. Juisi ya pakiti ni hivyohivyo, msijidanganye na ile picha ya embe.

Daktari akanipima kiuno. Sasa hapo niliona aibu ya kitaaluma. Inchi 42. Alisema kwa mwanaume ikipita 37 hivi anaanza kushuku mafuta ya ndani. Na hiyo suruali nilikuwa nimevaa niliishona mwenyewe, inchi 36, na mimi mwenyewe kwa mkono wangu nimeifungulia hapo nyuma mara tatu. Ukiangalia ndani unaona mistari ya ushonaji wa zamani, moja, mbili, tatu, vile watu wanahesabu miaka kwa mti. Miaka yote naona ni kitambaa kinarudi kwa maji. Mimi, fundi!

Kitu kilinitisha ni vile inaweza kuendelea. Mafuta peke yake si kesi kubwa, lakini kwa watu wengine ini inafura, alafu inaanza kuweka makovu, makovu yakijaa ini inakuwa ngumu na hapo hakuna kurudi rahisi, maji kwa tumbo, kutapika damu, ata saratani. Kujua kama makovu yameanza si lazima mashine kubwa. Alitoa simu akafungua kalkuleta mbele yangu: umri wangu 49 mara AST yangu, hiyo ni kipimo kingine cha damu cha ini, 45, akapata 2205. Alafu chembe za kugandisha damu, 240, mara kipeuo cha pili cha ile ALT 68, hiyo ikawa kama 1979. Gawanya. 1.11. Akasema ikiwa chini ya 1.3 uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo, ikipita 2.67 ningekuwa njiani kwenda kwa mtaalamu wa ini. Sijawahi furahia hesabu hivyo tangu darasa la nane. Akanipima pia hepataitisi B ndio asilaumu mafuta kwa kitu ingine, nikatoka safi, nikadungwa chanjo, sindano tatu kwa miezi sita.

Na ini ikichoka kabisa mambo inageuka, sukari inaanza kushuka badala ya kupanda maana dero imebomoka. Pombe pia inafanya hivyo kwa usiku mmoja tu, inazuia ini kutengeneza sukari mpya. Baba yangu mdogo alikuwa na kisukari, anameza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, jioni moja akapiga chang'aa bila kula kitu, asubuhi tukampata anatoa jasho na hajui jina lake. Watu wakasema mwacheni pombe imtoke. Shangazi, nesi mstaafu, ndio alisema leteni mashine kwanza, ikasema 2.1. Alipona na sukari ya kudungwa kwa mshipa, lakini wangemwacha "pombe imtoke" tungekuwa tunaongea ingine.

Alafu metfomini, vile vidonge vyangu vya kisukari. Mimi nilikuwa nimeiacha miezi miwili kwa sababu mteja fulani aliniambia inachoma ini. Kumbe kazi yake kubwa ni kuambia ini ipunguze hiyo kutengeneza sukari ya usiku! Ni kweli ini ikiwa imeshindwa kabisa, ama mtu ni mlevi sana, daktari anaweza kuitoa, lakini kwa mafuta ya kawaida haina shida. Pesa ya hiyo miezi miwili nilikuwa nimempea jamaa mmoja wa kuuza dawa ndani ya matatu, chupa ya kijani, "inasafisha ini ndani ya siku saba". Nilimuonyesha daktari ile chupa akaisoma, hakuna kitu imeandikwa ndani kuna nini, akaitupa kwa pipa akasema kuna miti shamba zinaua ini kabisa na hii hatujui ni gani.

Dawa aliyonipa ni kilo. Ukipunguza asilimia tano ya uzito mafuta ya ini yanaanza kupungua, ukifika saba mpaka kumi ata ile kufura inatulia na makovu kwa wengine yanarudi nyuma. Nilikuwa kilo 94. Soda nimeacha, mandazi imekuwa mayai ya kuchemsha, ugali mkono mmoja na samaki na osuga, yaani mnavu, mingi, na jioni natembea kutoka Kibuye mpaka Nyalenda, karibu saa nzima na mwendo wangu, vijana wa boda wananipigia honi wakidhani sina fare. Miezi nane, niko 87. ALT imerudi 41. Suruali nimeipunguza mshono mmoja, imebaki mbili.

Leo asubuhi mashine imesema 7.3. Mama Junior alisikia ikilia tiii, akatoka jikoni, akafungua hotpoti kwanza, akahesabu, ndio akakuja kuangalia namba.