Dhahabu ya sonara ilivyonitoa jasho

"Dhahabu ni dhahabu, nenda kwa sonara yeyote," mzee wetu wa maabara aliniambia. Wiki tatu zangu zilikwenda na maji kwa maneno hayo.

Nilikuwa narudia, hapa Dodoma, kazi iliyompa jina Costas Vayenas wa Patras, Ugiriki, kuanzia miaka ya 1980: kuisukuma platinamu kwa umeme kidogo iunguze gesi haraka zaidi. Kisahani cha zirkonia yenye itria (kauri inayopitisha oksijeni ikiwa moto), upande huu platinamu, upande wa pili dhahabu, ambayo haitakiwi kuunguza chochote. Unakipasha moto, unapitisha hewa yenye etilini kidogo (gesi ileile inayoivisha ndizi), unaweka volti moja hivi. Ioni za oksijeni, yaani chembe zake zenye chaji, zinatoka ndani ya kisahani na kutambaa juu ya platinamu, nayo inaunguza etilini kama imepandwa na mashetani. Kina Vayenas, kwenye nyuzi 370, mikroampia 1 tu (sehemu moja ya milioni ya ampia) ilipandisha kasi ya kuunguza mara 26.

Mimi? Kaboni dioksaidi, gesi inayotoka etilini ikiungua, ilijaa kabla sijawasha hata swichi. Nikajua platinamu yangu ni kiboko, nikatamba kijiwe kizima. Nilipowasha umeme, kimya. Kufungua tanuri nikakuta waya wa dhahabu, ulionigharimu bei ya mbuzi wa mnadani, mweusi tii kama sufuria ya kuni.

Nikatoa kisahani, nikauacha waya peke yake. Gesi ikatoka vilevile! Kumbe ni yeye anayeunguza, na weusi ule ukanitia shaka ya shaba.

Nikarudi kwa sonara, mtaa wa Majengo. "Shikamoo mzee. Hii ina shaba?"

"Marahaba. Sasa mwanangu, dhahabu tupu nani atavaa? Si itapinda."

Safari hii nilidai karati 24 na sikubanduka. Akaupuliza moto wa gesi mbele yangu mpaka ukaiva. Ulipopoa ulikuwa njano ileile. Fanya hivyo kabla hujatoa hela.

Jioni hiyo kasi ilipanda mara nne. Si 26, lakini ni yangu. Na usihangaike chini ya nyuzi 300, zirkonia karibu haipitishi kitu.

Mzee wa maabara akasema hiyo ni elektrolisisi tu, yaani oksijeni inayoletwa na umeme ndiyo inayounguza yote. Nikamshikisha kalamu: mikroampia 1 inaleta moli 5 za atomi za oksijeni kwa sekunde, ukizigawa kwa trilioni moja. Gesi yangu ya ziada ilizidi hesabu hiyo mara mamia. Nikazima umeme, mstari wa grafu ukashuka taratibu mpaka pale ulipoanzia.

Akautazama muda mrefu, halafu akauliza sonara wangu anakaa mtaa gani.