Mzee wangu alipenda mengi: nilivyokifungua chumba chake

Mume wangu alikuwa fundi wa simu, lakini ukiulizia habari zake hapa Ngamiani, Tanga, hakuna atakayekutajia simu. Mmoja atasema yule alikuwa mtu wa njiwa. Mwingine atakataa, atasema mzee wa santuri. Wa barazani watakutajia bao. Na wapo walioko mikoani huko, sijapata kuwaona kwa macho, wanaomjua kwa jina la redioni tu, maana alikuwa mpiga salamu, mtu wa kutuma kadi za kuwasalimia watu redioni, tena si wa kubahatisha. Wote wanasema kweli. Nilikuwa nikimwambia, wenzio wana mke mmoja na kazi moja, wewe una mke mmoja na kazi kumi. Anacheka, anaingia zake chumba cha uani.

Alipofariki, chumba kile ndicho kilichonipa mtihani. Nguo zake zilitoka mapema, zikaenda kwa waliozihitaji, wala sikuhangaika nazo. Nguo za mtu ni nguo. Vitu alivyovishika kila siku kwa mapenzi ni habari nyingine.

Nilikaa eda miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa kwa sisi Waislamu, na nasema wazi kuwa eda ilinisitiri. Watu huiona kama kufungiwa. Mimi ilinipa jibu la kumpa kila aliyekuja na haraka zake. Hata arobaini haijafika, akaja bwana mmoja kutoka Dar anataka santuri zote kwa bei ya jumla. Jamaa wa ukoo akaulizia redio. Kijana wa mtaa wa pili akatia neno kuhusu mishipi ya kuvulia. Wote niliwajibu sawasawa: nipo edani, na mali ni ya warithi, tusubiri. Mjane aliyefiwa juzi asilazimishwe kusema ndiyo wala hapana juu ya kitu chochote kisichooza.

Njiwa tu ndio hawakusubiri. Wale wanataka mtama asubuhi na jioni, na wakichelewa kupewa wanashuka hadi mlangoni kwa jikoni wanadai. Mjukuu wangu, ambaye zamani alikuwa akifukuzwa bandani kwa kuwarusha, akashika kopo bila kuambiwa. Walikuwa wengi mno, nikampa jirani jozi kadhaa. Akawabeba tengani, akawafungulia kwake. Kabla hajarudi kunirejeshea tenga, wao walishafika kwetu, wamekaa juu ya bati wanatutazama. Tulicheka siku ile, na kicheko kilikuwa kimehama nyumba yetu kitambo. Baadaye mfugaji mmoja mzoefu akatufundisha: njiwa mkubwa ukimhamisha, mfungie kule kule, ale na anywe humo ndani, atage na kuangua. Akishakuwa na makinda huko hana tena habari na kwenu. Ndivyo tulivyofanya, wakatulia.

Mirathi nayo ina mlolongo wake na siurefushi. Cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa serikali, kikao cha ukoo na muhtasari wake, kisha Mahakama ya Mwanzo, mwanangu wa kiume akathibitishwa kuwa msimamizi. Sheikh akatukalisha kitako: madeni kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi. Mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumuni, yaani moja ya nane, na mtoto wa kiume hupata mafungu mawili kwa moja la binti. Nyumba na kiwanja vina bei, vinagawika. Sasa gawa santuri. Gawa bao. Gawa banda la njiwa.

Hapo nikatoa rai yangu: vitu vya chumba cha uani vithaminishwe vyote, bei tuikubali sote, kisha vihesabiwe ndani ya thumuni yangu. Binti yangu mkubwa akaruka. “Mama, utakula santuri?” Nikamwambia sitakula, ila sitaki kitu cha baba yenu kitoke humu kwa magomvi, na kikiwa changu kwa sheria nitampa nimtakaye bila kumuuliza mtu. Tukaandika, tukatia saini. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo. Mapatano ya mdomo ndani ya msiba husahaulika siku wageni wakiondoka, na kila mtu hubaki na kumbukumbu yake.

Sasa santuri. Mzee alikuwa nazo za aina mbili: hizi nyepesi za plastiki, na zile nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, alizorithi kwa mama yake pamoja na gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono. Zile nzito si za mchezo. Ukiiangusha moja inapasuka kama sahani, na ukiifuta kwa spiriti unaiharibu kabisa, kwa sababu spiriti huiyeyusha. Mzee alikuwa akiziosha kwa maji na sabuni kidogo, kitambaa laini, akifuata mzunguko wa mistari, halafu anaziegemeza kivulini. Sindano ya chuma anabadilisha kila upande, hata ukimwambia bado nzima. Alikuwa nayo moja ya Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay na wenzake kurekodi mwaka 1928, na hiyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Lakini roho yake ilikuwa kwa taarab ya nyumbani: Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga hii hii, na sauti ya Shakila. Jioni akiweka Shakila, nilijua leo hatatoka.

Nilizitoa zote, nikazipanga zimesimama wima, si kulaliana, maana joto na unyevu wa pwani huzipinda na kuziotesha ukungu. Kisha nikazichambua kwa kigezo kimoja tu: hii tuliisikiliza humu ndani au hatukuisikiliza? Zile za Kizungu na za Kihindi alizonunua kwa sababu jalada limempendeza, yule bwana wa Dar alizipata, na kwa fedha yake nikabadilisha bati za upande wa jikoni. Sikuona vibaya hata kidogo. Si kila alichokiacha marehemu ni kumbukumbu, vingine ni vitu tu. Za taarab zimebaki. Kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta alizihamisha nyimbo zote pamoja na kaseti, watoto kila mmoja akapewa flashi yake. Kwenye kaseti moja, katikati ya wimbo, sauti ya mzee inasikika: “Zimeni feni, inaingia humu!” Nimekataza isikatwe.

Habari za Coastal Union, timu ya mpira ya hapa Tanga, nitazipitia upesi, sikuzijua vizuri hata alipokuwa hai. Ilichukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na yeye aliusimulia mwaka ule kama kwamba pasi ya mwisho aliitoa mwenyewe. Jezi nyekundu na picha za uwanja wa Mkwakwani nilimpa mwanangu, naye ndiye anayeumwa tumbo timu ikifungwa.

Salamu ndizo zilizonitoa machozi upya. Alikuwa na daftari kubwa lenye mistari: jina la mpiga salamu, mkoa, anapenda wimbo gani, na nani asisahaulike kusalimiwa. Kadi za salamu alinunua kwa mafungu, anajaza usiku kwa mwandiko wake wa kulala upande mmoja, asubuhi anapeleka posta. Mabinti walisema lichomwe, ni majina ya watu tusiowajua. Mimi nikalipitia, nikaona baadhi wameandikiwa namba za simu pembeni. Nikaanza kupiga, taratibu. Nasema mimi ni mke wa fulani wa Tanga, ametangulia mbele ya haki. Bwana mmoja wa Kigoma alinyamaza, nikadhani simu imekatika. Akasema, “Mama, huyu mtu amenisalimia redioni siku aliyozaliwa mtoto wangu wa kwanza, na hatujawahi kuonana.” Wakaambizana wao kwa wao, na kwa muda mrefu nikawa napokea simu za pole kutoka sehemu ambazo sijui hata basi lake linapandiwa wapi. Mmoja alipeleka salamu za rambirambi redioni, akataja jina kamili la mzee na mtaa wetu. Daftari ninalo mimi.

Na bao. Wenzake wa barazani walikuja kwa adabu zote kuliomba, kwa kuwa ni bao zuri, la mti mgumu, mashimo yake yamelainika kwa mikono, na kete ni komwe za asili. Nikawaambia, mashemeji, bao halitoki, nyinyi ndio mtaingia. Wakawa wanakuja Ijumaa baada ya swala, napika kahawa, wanacheza barazani kwangu. Mwanzo nilitazama. Kisha nikaomba nifundishwe, wakatazamana, mmoja wao mwenye bakora akasogea akaniachia nafasi.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji 32. Unaanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa kwenye nyumba, lile shimo la mraba, na 22 unabaki nazo mkononi. Hatua ya kwanza ni namua: kila zamu unaingiza kete moja, na ikiwezekana unakula. Mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, mnacheza kwa zilizomo ubaoni tu. Kanuni unaweza kuambiwa kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kuona mbele ndiko kazi. “Nyumba usiivunje mapema, shemeji,” mwenye bakora ananiambia kila wiki, na kila wiki anatafuta njia ya kunifanya niivunje. Mzee wangu alikuwa na desturi ya kula kimya, macho kwenye sahani, vidole vinagonga meza nane kwenda, nane kurudi. Siku hizi najua alikuwa wapi, kwa kuwa nami vidole vyangu vinagonga. Mjukuu wangu wa kike amenizidi tayari, na mashemeji wanamwogopa kuliko wanavyoniogopa mimi.

Kilichobaki chumbani ni redio ya mawimbi mafupi aliyoifungua kabla hajaugua, vipuri vyake vimo kwenye kopo la maziwa. Mafundi wa mjini wameikataa, wanataka kuniuzia mpya. Nimesikia yupo mzee mmoja kule Pongwe aliyefanya naye kazi Posta na Simu, bado anashika chuma cha kulehemu bila mkono kutetemeka. Jumamosi mwanangu anampelekea, na kopo lake.