Harufu ya samaki nyuma ya friji

Jumatano jioni, wiki ile ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, cherehani yangu ilinyamaza katikati ya mshono. Nilikuwa na sketi thelathini za marinda za kupeleka Jumatatu, nimefika ya kumi na saba. Wanaoshona wanajua: sketi ya marinda ni pasi tupu. Kila rinda unalilaza na kulipiga pasi, unashona mkanda, halafu unalipiga tena. Kwa hiyo tangu Krismasi, pasi na mota ya cherehani vilikuwa vimekaa kwenye soketi moja ya matundu mawili, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya Mama, hapa Pasua, Moshi.

Taa ya chumba ilikuwa inawaka. Hilo lilinipa moyo na pia lilinichanganya. Nikatoka nje kuangalia LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, yuniti 41. Nikaenda kwenye meni swichi, breka zote ziko juu. Mjomba alishanifundisha kwamba breka iliyojikata wakati mwingine inasimama katikati na ukiitazama kwa haraka unaiona iko juu, kwa hiyo niliishusha ile ya soketi mpaka chini kabisa ndipo nikaipandisha. Kimya. Nikaichukua pasi mpaka sebuleni, nikaichomeka pale penye televisheni, ikawaka taa yake nyekundu. Basi pasi nzima, plagi nzima, fyuzi nzima. Nikairudisha chumbani.

Niseme kidogo kuhusu fyuzi, maana inaniuma. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, ya ampea 13 kwa pasi au birika, ya 3 kwa taa ya mezani na vitu vidogo. Nimeshakutana na plagi ambayo fyuzi iliungua na mwenyewe akaviringisha ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara mahali pake. Fyuzi iko pale ili ife yenyewe kabla waya haujashika moto. Ukiweka karatasi, unauacha waya ndio ufe, na waya unapita karibu na pazia lako na kitanda cha mtoto wako. Fyuzi ni bei ndogo sana. Tafadhali, nunua fyuzi.

Jirani yetu mmoja, kijana anayejuajua umeme, alikuja na tesita yake. Akafungua vifuniko vya ndani ya soketi kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu (jambo ambalo Mjomba hulikataza kabisa), akaingiza tesita tundu la kulia, ikawaka. Akaingiza la kushoto, ikawaka pia. "Dada, umeme umejaa humu," akasema, "soketi yenyewe ndiyo imekufa." Maneno yake yaliingia akilini. Nikampa hela, akaenda kununua soketi mpya, akashusha breka, akaifunga vizuri tu. Tukapandisha breka, na bado ikawa kimya vilevile.

Usiku ule nilikunja marinda kwa mkono, na Mama akanishikia pini.

Alhamisi asubuhi Mjomba akashuka kutoka Kibosho na begi lake la turubai. Amefanya umeme wa majumba maisha yake yote, na siku hizi amestaafu, magoti yanamsumbua.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu nieleze kila kitu kama kilivyokuwa, usinirukishe."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye tesita akanisimamisha. "Iliwaka pande zote mbili?"

"Ndiyo, zote mbili."

"Na pasi ilikuwa imechomekwa upande wa pili?"

"Ilikuwepo."

"Basi soketi yenu ya zamani haikuwa na kosa. Nyutro imekatika huko nyuma."

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu sikuwahi kuelewa jambo hili hadi Mjomba aliponichorea kwa chaki ya kushonea. Umeme unaingia kwa waya wa laivu, unapita ndani ya pasi, unarudi kwa waya wa nyutro. Nyutro ikikatika mahali fulani, umeme unavuka pasi na kufika upande wa pili, halafu unakosa njia ya kurudi. Unasimama pale pale. Pasi haipati joto, lakini tundu la kushoto, ambalo kwa kawaida halina cha kukudhuru, sasa lina umeme kamili. Tesita inawaka kwa sababu kweli umeme upo. Kinachokosekana ni safari ya kurudi, na tesita haijui kupima safari.

Mita ya fundi, ile ya kupimia volti, inajua. Mjomba alishusha breka, akafungua uso wa soketi mpya akauacha unaning'inia kwa nyaya zake, akapandisha breka, akanisogeza nyuma, akapima huku pasi imechomekwa. Kati ya laivu na nyutro, sifuri. Kati ya laivu na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, volti 231. Kati ya nyutro na waya wa ardhini, ambako namba ilipaswa kuwa karibu na sifuri, volti 230. Akanionyesha kila namba kabla ya kuhamisha ncha. "Umeona? Sasa tumtafute jirani yake."

Soketi za nyumba hii zimeungwa kwa kufuatana. Umeme unafika soketi ya kwanza, unatoka hapo kwenda ya pili. Mwaka 2011 Mama alipoongeza hiki chumba cha nyuma, fundi aliyekuwepo hakuvuta waya kutoka kwenye meni. Alichukua kwenye soketi iliyokuwa karibu, upande wa pili wa ukuta, jikoni. Ndiyo soketi ya friji. Na friji ilikuwa inafanya kazi siku zote hizo bila tatizo, kwa hiyo hakuna aliyeifikiria.

Tulipoanza kuivuta friji Mama akaja akasimama mlangoni. "Hapo ndipo panaponuka," akasema.

Nilijisikia vibaya. Kwa wiki mbili Mama alikuwa analalamika harufu ya samaki jikoni. Tulikuwa tumenunua perege wa Nyumba ya Mungu kabla ya mwaka mpya, tukaamini ndio wameharibika. Nikawatupa. Nikaosha friji kwa maji ya ndimu. Harufu ikaondoka asubuhi, ikarudi jioni, na mimi nikamwambia Mama pua yake imeshazoea. Mjomba akainamia ukuta, akanusa. "Dada, hakuna samaki hapa. Hii ni plastiki ya soketi inaungua polepole. Inanuka hivihivi, kama samaki." Ilikuwa inanuka jioni kwa sababu jioni ndiyo nilikuwa napiga pasi.

Akashusha breka. Kabla ya kugusa kitu, aliipima mita kwenye soketi ya sebuleni, ambayo ina breka yake na ilikuwa na umeme, aone inasoma. Akapima ya friji, haina kitu. Akarudi kupima sebuleni tena. Mara tatu, kwa mtu aliyeifanya kazi hii miaka yote hiyo. Sijawahi kumwona akiiruka hatua hiyo, na ninaandika hapa ili na wewe usiiruke.

Uso wa soketi ulipotoka, upande wa kushoto ulikuwa wa kahawia iliyokolea, na kwenye kibanio cha nyutro plastiki ilikuwa imeyeyuka na kuvimba. Nyaya mbili zilikuwa zimebanwa chini ya skrubu moja. Mweusi wa zamani, wa milimita za mraba 2.5, ulikuwa umeshika. Wa bluu, wa milimita za mraba 1.5, ule uliokwenda chumba cha nyuma, ganda lake lilikuwa limekauka na kupasuka, na shaba yake nyeusi kama mkaa. Mjomba aliugusa kwa ncha ya bisibisi, ukaanguka wenyewe.

Skrubu ikikutana na waya mnene na mwembamba kwa pamoja, inauma ule mnene. Ule mwembamba unaonekana umebanwa kumbe unacheza. Pasi yangu ni ya wati 2,000, maana yake inavuta karibu ampea 9 kila inapopata moto. Ampea 9 zinapita mahali palipolegea, panapata joto, shaba inatanuka, ikipoa inanywea, inalegea zaidi, kesho joto linaongezeka. Miaka yote ya taa ya mezani na chaja ya simu haikuleta shida. Wiki mbili za marinda zikatosha.

Nikamuuliza Mjomba mbona breka haikujikata. Breka inapima wingi wa umeme unaopita, akasema, na muungano uliolegea hauongezi wingi huo hata kidogo. Hata ile swichi ya kuzuia watu kupigwa na umeme, inayojikata kwa miliampea 30 zikivuja kwenda ardhini, isingeona kitu, kwa kuwa hakuna kilichovuja. Joto la skrubu iliyolegea halina mlinzi kwenye boksi la breka. Tena breka yenyewe ilikuwa ya ampea 32, na waya wa milimita za mraba 1.5 hauwezi mzigo huo.

Kazi ilichukua mpaka saa nane mchana. Alivuta waya mpya wa 2.5 kutoka jikoni mpaka chumba cha nyuma, akakata nyeusi ya zamani mpaka ilipoonekana shaba safi, akafunga soketi mpya nyuma ya friji, akavuta kila waya kwa mkono kuona kama unatoka. Ile breka ya 32 akaibadilisha na ya 20. Akaniambia pia mtu akiongeza chumba amtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na amwombe amwonyeshe muungano kabla haujafunikwa. Mama akampikia mtori. Hela hakuzipokea, akapokea sketi moja ya mjukuu wake.

Jumatatu nilipeleka sketi ishirini na tisa, na ya mwisho nikaipeleka Jumanne.

Kabla ya kuondoka Mjomba aliuliza yule fundi wa 2011 alifanya nini kingine humu ndani. Mama akafikiri, akakumbuka soketi ya chumbani kwake, pale kichwani pa kitanda, anapochomeka redio. Mjomba anashuka tena Jumamosi kuifungua. Hadi hapo redio ipo sebuleni, na juu ya soketi hiyo nimebandika tepu nyekundu.