Saa Tisa, Nje

Ijumaa ya Machi 27, 2020, siku kafyu ya korona ilipoanza Kenya, watu walipigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi na polisi pale Likoni, Mombasa, wakingoja feri. Saa moja ya usiku, saa ya kafyu, ilikuwa hata haijafika. Watatu kati yao walikuwa wa laini yangu. Jumatatu mmoja alikuja na mkono umevimba, akaketi kwenye cherehani yake, asiseme neno.

Nilikuwa supavaiza katika kiwanda cha nguo huko Changamwe. Tulizoea kushona suruali za kwenda Marekani. Oda zikasimama, tukageuziwa barakoa. Barakoa si kazi ngumu: mikunjo mitatu, waya wa puani, mipira ya masikio. Lakini mikono ya watu ilikuwa imekufa. Tageti ya saa moja ikawa inatuchukua saa mbili.

Meneja akaniambia niwatie moyo, na maneno akaniandikia yeye mwenyewe. Nikapanda juu ya kreti, nikawasomea kwamba wao ni wanajeshi na nchi nzima inawategemea. Hata leo nikikumbuka naona haya. Mama mmoja wa ovaloki, mtu mzima tuliyemwita Shangazi, alingoja nimalize.

"Mwanangu, mwanajeshi hubebwa na gari la serikali. Mimi nikitoka hapa saa kumi na moja, nitavuka saa ngapi?"

Mimi nilikaa Magongo, kwangu kwa miguu. Hesabu hiyo sikuwahi kuipiga, akanipigia yeye: matatu ya watu 14 sasa inabeba 8, nauli ni mara mbili, ukiikosa ya kwanza na ya pili unafika mjini jua linatua, na foleni ya feri bado inakungoja.

Jioni ile nikasimama getini kuwaangalia wanavyotoka. Mlinzi alikuwa akipekua mikoba mmoja mmoja, asije mtu akatoka na barakoa. Shangazi akafungua wake: chupa ya maji, bakuli tupu, kitana. Akaufunga, akavuta ncha ya leso akajiziba pua, akaenda zake mbio kutafuta gari. Alikuwa ameshona barakoa tangu asubuhi.

Kesho yake sikuwa na hotuba. Niliingia ofisini na mambo mawili: tuingie saa moja asubuhi tutoke saa tisa, na kila mtu apewe barakoa mbili. La saa lilipita upesi, mapumziko ya mchana yakakatwa yakabaki nusu saa, na hakuna aliyenung'unika. La barakoa ndilo lililokwama. Eti zimehesabiwa, zina mwenyewe. Mwishowe nikaambiwa niwape zile mbovu, zenye mshono uliopinda. Kukagua ilikuwa kazi yangu, na siku hiyo nilikataa barakoa nyingi kuliko siku yoyote, Mungu anisamehe.

Ubaoni nikafuta tageti, nikaandika kwa chaki: SAA TISA, NJE. Basi.

Alhamisi mipira ya masikio ikatuishia, na mji mzima haikuwa ikipatikana. Mimi nilishazima taa za laini nikiwaza nitamwambia nini meneja. Shangazi akaenda kwenye gunia la mabaki ya tisheti, akakata utepe mwembamba, akauvuta kwa nguvu. Kitambaa kikajikunja chenyewe kikawa kamba, laini kuliko mpira. "Washa taa," akasema. Saa nane na robo tulikuwa tumemaliza, watu wanafagia chini ya mashine.

Getini mlinzi akaanza upekuzi wake kama kawaida. Akatoa barakoa mbili mkobani mwa Shangazi, akaniangalia. Nikamwambia zimeruhusiwa. Akawa anazigeuzageuza, naye mwenyewe uso wazi, anakohoa kidogo kwa vumbi la barabara.

Shangazi akamnyang'anya moja, akamvisha.

"Hiyo yako, baba. Sasa nipishe, feri hiyo."