Vizibo 26 na gemu ya The Da Vinci Code

Anayeitaka kwa sababu aliipenda filamu ajue mapema: Tom Hanks hayumo. Gemu ilitoka Mei 2006, siku moja na filamu, lakini imefuata riwaya ya Dan Brown moja kwa moja, hivyo sura na sauti za wahusika ni nyingine. Mimi niliicheza kwenye PlayStation 2 hapa Mtwara, na kama burudani imenichosha. Kilichoniwezesha kufika mwisho ni kuyahamisha mafumbo kutoka kwenye skrini kuyaleta mkekani.

Taabu kubwa kwetu ni maneno ya Kiingereza yaliyovurugwa herufi. Chukua ujumbe maarufu wa hadithi yenyewe, ndani ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris: O, Draconian devil! Oh, lame saint! Herufi 15 za kwanza zinajenga Leonardo da Vinci, 11 zilizobaki The Mona Lisa. Jumla 26, basi nikatafuta vizibo 26 vya soda na kuandika kila herufi kwa maka peni upande wa ndani, maana nje kumejaa chapa na herufi haisomeki.

Usivipange mstari. Ukifanya hivyo jicho linarudi kuisoma sentensi ileile. Vimwage duara, irabu katikati, konsonanti pembeni.

Halafu kuna mtego wa sikio letu: tunataka kila neno liishie na irabu. Nilikwama kwenye fumbo jingine, So dark the con of man, kwa kosa hilo hilo. Dawa yake ni kutoa kwanza maneno madogo ambayo Kiingereza hakiishi bila hayo. Toa THE, toa OF. Zinabaki herufi 12. Weka C na K jirani, ROCKS inajitokeza, na kilichobaki ni MADONNA: jibu ni Madonna of the Rocks, mchoro wa Leonardo. Ujanja wa fumbo ni kwamba THE na OF hazikuvurugwa kabisa, zipo wazi tangu mwanzo.

Msimbo wa Atbash, unaobadilisha kila herufi kwa kuigeuza alfabeti nyuma mbele, ni rahisi ukichora jedwali sawasawa: juu A hadi M, chini Z hadi N, yaani Z ikae chini ya A na N chini ya M. Ukianza chini na N umetengeneza msimbo mwingine, na utapata uji. Jambo jingine: kwenye riwaya neno Baphomet linatoa Sofia kwa herufi za Kiebrania tu. Kwa herufi zetu linatoa YZKSLNVG, kwa hiyo usidhani umekosea hesabu.

Kripteksi nayo, kile kichupa cha siri kinachofunguka kwa kuzungusha pete za herufi hadi zijenge neno, isikushawishi kubahatisha. Pete tano zenye herufi 26 kila moja ni michanganyiko 11,881,376. Ukijaribu mmoja kwa sekunde, ni zaidi ya siku 137 bila kulala. Rudi kwenye kidokezo.

Mapigano ndiyo yaliyoiharibu gemu hii. Uko katikati ya kufikiri, mlinzi anakukaba, vinatokea vitufe vya kubonyeza kwa mpangilio, ukikosea unachapwa. Mhusika mkuu, profesa wa alama, anageuka bondia, tena bondia mzito. Nilipita nilipoacha kukimbilia: soma mfululizo mzima kwanza, kisha bonyeza, na uangalie umbo la alama badala ya rangi, hasa kama tivii yako ni ya chogo iliyofifia.

Ukiona unakosea kitufe kilekile kila mara, kagua padi kabla ya kujilaumu. Hewa ya chumvi ya huku pwani, pamoja na jasho, huacha uchafu chini ya vitufe. Fungua skrubu za nyuma, toa mipira ya ndani, pangusa vidoa vyake vyeusi na sakiti kwa pamba yenye spiriti kidogo, acha vikauke kabisa. Usisugue kwa nguvu: vidoa hivyo ndivyo vinavyopitisha umeme, vikitoka kitufe kimekufa. Padi yangu ilikuwa imegoma pembetatu tu.