Mimi nyuki 14, wifi nyuki mmoja

Hii stori nimekaa nayo tangu Juni mwaka jana, kila nikitaka kuandika naona aibu maana kosa lilikuwa langu, ila juzi mtu kwenye grupu la ukoo katuma ile meseji ya "ukiumwa na nyuki paka dawa ya meno na kitunguu, watumie na wenzako" na watu wamejaza viganja vya kupiga makofi, nikasema basi, leo naandika.

Tulikuwa Sikonge, Tabora, kwenye arobaini ya bibi. Mliowahi kupita ile njia mnajua ndorobo walivyo, unafungua dirisha la gari ukitafuta hewa wanaingia wao, wanapenda kitu kikubwa kinachotembea, gari kwao ni kama ng'ombe, na wanauma juu ya jinzi bila shida. Kwa hiyo nilifika nimejipaka losheni ya mbu mwili mzima nikijiona nimejipanga. Sasa ile losheni kwa nyuki haina kazi yoyote. Inamvuruga mdudu anayekutafuta anyonye damu, nyuki hataki damu yako, nyuki anataka uondoke.

Mjomba wangu anarina asali tangu kijana, ana mizinga ya magome aliyorithi kwa baba yake na mingine ya mbao aliyoongeza mwenyewe. Kurina anarina usiku, mchana anaenda kukagua tu. Asubuhi moja tunakunywa chai mke wake kaleta ndizi mbivu, mjomba kasukuma sahani, eti siku ya kwenda mzingani hali ndizi. Nikacheka sana, nikajua mambo ya mizimu hayo. Kumbe mwenzangu yuko sahihi kabisa. Nyuki akiuma au akipondwa anaachia harufu ya kuita wenzake, na kemikali kubwa kwenye hiyo harufu ndo ileile inayofanya ndizi inukie ndizi. Yani unaenda kwa nyuki unanukia king'ora. Na moshi wanaopuliza warina asali unaiziba hiyo harufu, afu nyuki wakisikia moshi wanakimbilia kunywa asali washibe wajiandae kuhama, wanapoa. Mjomba hayo ya kemikali hayajui wala hana shida nayo.

Jioni kama saa kumi na moja akawa anaenda kuangalia mzinga mmoja karibu na shamba la karanga, mi nikataka kwenda nipige video. Akaniangalia juu mpaka chini. Nimevaa tisheti nyeusi, nimepulizia pafyumu, kichwani rasta mpya za kwenda kiunoni. Akasema, "Mwanangu, hivyo hapana, vaa kitu cheupe na ufunge kichwa." Nikamwambia mjomba nitasimama mbali. Nyuki wanachukia rangi nyeusi na manyoya, kwao hiyo ni picha ya mnyama mwizi wa asali, na mi nilikuwa mweusi wa nguo na manyoya ya plastiki kilo nzima. Nikasimama kama hatua thelathini hivi, simu juu.

Nyuki mmoja tu akaja kuzunguka. Angenizunguka angeondoka, ila akaingia kwenye rasta akanasa akaanza kulia ziiii sikioni, na mi nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya, nikapiga kofi. Nikamponda. Hapo ndo king'ora kikalia.

Nilikimbia kuelekea bwawa la kunyweshea ng'ombe, kichwani mwangu nina ile picha ya mtu anaruka majini anaokoka. Mjomba akapiga kelele, "Siyo huko! Nyumbani! Funika uso, kimbia nyumbani!" Nyuki wanakusubiri juu ya maji, ukiibuka kuvuta pumzi wanakuingia mdomoni, na kuumwa kooni ni balaa lingine kabisa maana kukivimba huko ndani hewa haina pa kupita. Nikavuta tisheti mpaka usoni nikabakiza macho, nikanyoosha mguu moja kwa moja bila kupepea mikono, nikaingia ndani nikafunga mlango. Hiyo ndo njia, na nyuki wa kwetu wanafukuza mbali, usihesabu hatua ishirini ukasema yameisha.

Sasa nyumbani barazani alikuwepo wifi yangu, mke wa binamu, anabangua karanga. Nyuki walionifuata wakamkuta yeye. Mmoja akamuuma kwenye kifundo cha mkono. Mmoja.

Ndani wote wakanizunguka mimi. Nina miiba kila mahali, shingo, kope, masikio, vidole. Nyuki akikuuma mwiba wake una vichongo kama ndoana, unabaki kwenye ngozi na kijifuko cha sumu kinaendelea kujikamua chenyewe hata nyuki ameshakufa. Sumu karibu yote inaingia ndani ya sekunde ishirini hivi. Binamu akawa anatafuta kadi ya benki, eti kasoma mtandaoni wamesema ukwangue na kadi, usibane kwa kucha utakamua sumu. Kadi iko kwenye pochi, pochi iko kwenye begi, begi liko chumba kingine. Mjomba kaingia, hajasema kitu, kanikamata kichwa kaanza kung'oa kwa kucha tap tap tap kama anachambua mchicha. Baadaye nimekuja kusoma kuna watafiti mwaka 1996 walijiumisha wenyewe na nyuki kulinganisha, kukwangua na kubana kwa kucha, hakukuwa na tofauti, tofauti ilikuwa ni sekunde ngapi mwiba umekaa. Kwa hiyo kucha, kadi, kisu cha butu, chochote kilicho mkononi, toa. Ila ukiwa bado unafukuzwa usisimame kutoa, kimbia kwanza.

Tulihesabu 14. Mjomba akanivua pete hapohapo kwa sabuni, nikamuona kama ananisumbua, usiku kidole kilikuwa kama muhogo.

Afu ikaanza famasi ya kijiji. Mke wa mjomba kaja na kitunguu, jirani kaja na mafuta ya taa, mtoto kaleta kolgeti, mzee mmoja akapendekeza mkojo sikumuuliza wa nani. Binamu aliyesoma sayansi akasema magadi, kwa sababu sumu ya nyuki ni asidi, tulifundishwa form two, na nyigu ni siki kwa sababu sumu yake ni alkali. Jamani. Sumu iko chini ya ngozi, magadi yako juu ya ngozi, wanakutana wapi? Na kinachouma siyo uasidi, ni protini zinazopasua seli, magadi hayazifanyi kitu. Kitunguu hakikuniua, sawa, kilinipoza kwa sababu kilikuwa cha baridi. Maji ya baridi yangefanya hivyohivyo bila kunuka kachumbari. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi au barafu, meza panadol, na piritoni au setirizini kwa muwasho. Hamna siri nyingine.

Sasa wakati watu saba wako kwangu mwenye 14, hakuna hata mmoja aliyekuwa anamwangalia mwenye mmoja. Kasema kwa sauti ndogo tu, "mbona viganja vinaniwasha?" Nikamjibu, na hili sitasahau, "wifi, we umeumwa na mmoja tu". Baada ya muda kidogo nyayo zinawasha, tumbo linamsokota, katapika. Tukamuangalia shingoni, mabaka makubwa yamevimba yameungana kama ramani, mkono aliyoumwa uko huku, mabaka yako mpaka mgongoni. Midomo ikavimba. Sauti ikabadilika ikawa ya kukwaruza. Akasema, "naona kama nakufa." Hakuwa anadeka, nimejua baadaye hiyo hisia yenyewe ni dalili, madaktari wanaijua.

Tukampa nini? Maziwa! Maziwa na piritoni moja, tukasubiri ifanye kazi. Tumepoteza labda dakika ishirini hapo.

Tofauti ndo hiyo na ndo sababu ya hii posti. Mkono kuvimba pale ulipoumwa, hata uvimbe ukipanda mpaka kiwiko, ni maumivu na kero. Lakini mwili kuonyesha kitu mbali na pale ulipoumwa, mabaka mwilini, midomo, ulimi, kukoroma kifuani, kizunguzungu, kutapika, hiyo ni aleji kali, siyo ya kitunguu, ni kuondoka muda huohuo. Na idadi ya nyuki haina uhusiano. Hata kusema "mbona mwaka juzi aliumwa hakudhurika" haina maana, wifi alishaumwa mara mbili huko nyuma akavimba tu, hizo mara ndo mwili ulikuwa unajifunza kumchukia nyuki.

Gari hamna. Bodaboda, mshikaki, wifi katikati, binamu nyuma kamshika, kilomita kama sita za mchanga. Na hapo napo kuna kitu kinaniuma, maana mtu wa hali ile anatakiwa alazwe miguu ikiwa juu, presha yake inashuka na ukimsimamisha au kumkalisha ghafla moyo unaweza kugoma. Ila ungemlaza wapi kwenye bodaboda? Ilibidi tuchague na tukachagua sindano iliko. Bado sijui kama ningechagua vingine.

Nesi wa zahanati alikuwa anakula, alimuona tu mlangoni akaacha sahani. Akamchoma sindano ya adrenalini, nusu mililita, pajani kwa nje, hata kitenge hakumvua. Mimi nilikuwa nategemea sijui masaa mangapi, mwenzangu ndani ya dakika chache sauti ikarudi, akaanza kuomba maji. Wakamwekea dripu na dawa zingine, na alipotaka kurudi nyumbani kwa sababu eti kapona nesi akakataa, akasema hii kitu inaweza kurudi tena baada ya masaa hata bila nyuki, utalala hapa. Akatuambia pia piritoni ni ya muwasho, koo haifungui, mkishampa msikae kuisubiri.

Mimi na 14 zangu nililala kwa mjomba. Kesho yake jicho moja halifunguki, keshokutwa ndo nimevimba zaidi, nikataka kukimbilia antibayotiki, kumbe uvimbe wa nyuki kawaida unafika kilele siku ya pili ya tatu kisha unashuka wenyewe. Ila mkiona mtoto au mtu yeyote kaumwa na nyuki makumi kwa makumi mpelekeni hospitali hata kama anacheka, sumu nyingi hivyo inavunja misuli na figo zinaelemewa, mkojo ukianza kuwa na rangi ya koka ni hatari.

Nyigu wao hawaachi mwiba, kwa hiyo usitafute kitu cha kung'oa, anauma anarudia, mengine ni yaleyale. Siafu mi nawajua dawa yao moja, vua nguo, aibu baadaye.

Halafu kuna hii nilimsimulia mjomba akafurahi wiki nzima: mwaka 1956 Mbrazili mmoja mtaalamu wa nyuki, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki Afrika akawapeleka kwao, wengi wa Afrika Kusini na wengine wa hukuhuku Tabora. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka kwenye mizinga, na uzao wake ndo hao Wamarekani wanaowaita nyuki wauaji, wamesambaa mpaka Texas. Mjomba kasikia Tabora, kakaa kimya, akauliza, "Kwa hiyo hao wa Texas ni wetu?"

Wifi mzima. Karanga sasa anabangulia ndani, na asali anakula kama kawaida. Tisheti nyeusi niliiacha hukohuko. Nyumbani wameandika ukutani kwa mkaa namba ya mzee mmoja mwenye pikapu, na kila msimu ukikaribia mjomba anapita zahanati kumuuliza nesi kama ile sindano ipo. Mwezi uliopita alinipigia kuniambia zipo mbili.